Cheti Kilichokaa Houston

Barua ilikaa juu ya friji siku nne kabla sijaisoma. Ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa. Mama mkubwa, dada wa kwanza wa mama yangu, alizigawa barua kwa kutazama bahasha tu. Za matangazo ya pitsa na magodoro zilikwenda moja kwa moja kwenye taka. Zenye kidirisha cha plastiki na nembo ya serikali zilipanda juu ya friji, zikawekewa chupa ya mawese juu yake zisipeperuke, zikangoja Jumapili baada ya ibada, nikiwa nimekula nikashiba. Alisema mtu mwenye njaa akisoma barua ya serikali anaruka mistari.

Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa nyumba, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Nilipofika Texas umri wa kukaa darasani na watoto ulikuwa umenipita, nikaenda kufunga maboksi ghalani. Kiingereza nilikichukua jioni, neno moja moja, kwa kamusi. Kwa hiyo nasoma polepole, na kuandika ndiyo polepole zaidi. Kurasa hizi chache zimenila miezi. Mama mkubwa hakuwahi kunihimiza. Aliketi mbele yangu akichambua sombe, majani ya muhogo, akisubiri sentensi ifike mwisho.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, mwaka 2019. Barua ilitoka ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Ilisema wamepata taarifa kutoka serikali ya jimbo kwamba huenda yeye si raia wa Marekani. Alete uthibitisho wa uraia ndani ya siku thelathini kuanzia tarehe iliyoandikwa juu. Asipoleta, jina lake litafutwa kwenye daftari la wapiga kura.

Aliacha kuchambua.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Tarehe ya juu ni ipi?"

Nikahesabu kwenye kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani. Siku kumi na moja zilikuwa zimekwisha kuliwa, nyingine na posta, nyingine na friji. Zilibaki kumi na tisa.

"Wewe ulikuwepo nilipoapa," alisema. "Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama mkubwa."

"Niliinua mkono upi?"

"Wa kulia."

"Basi wanauliza nini?"

Jibu nililipata baadaye, kwa kusoma habari, na lilikuwa la kijinga kuliko nilivyotarajia. Mama mkubwa alichukua leseni ya udereva mwaka 2014, bado ni mkimbizi, na ofisi ya leseni ikaandika hivyo: si raia. Mwaka 2017 akaapa. Mwaka 2018, mwezi wa kumi na moja, akapiga kura kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Leseni ilikuwa bado haijaisha muda, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kitu kipya. Jimbo likachukua orodha ya leseni za zamani, likailaza juu ya daftari la wapiga kura, na kila aliyeonekana kwenye zote mbili likamtangaza kuwa mtu wa kutiliwa shaka. Kwamba watu huapa na kuwa raia kila mwezi, kwenye kumbi kubwa, mbele ya hakimu, hilo halikuwazuia. Serikali moja ilimwapisha, nyingine ikamshuku, na kati yao hakuna aliyeinua simu kumuuliza mwenzake.

Lakini walitangaza kwanza. Televisheni ya chumba chetu cha mapumziko kule ghalani ilikuwa imeshasema kwamba maelfu kwa maelfu ya wageni huenda walipiga kura Texas, na rais mwenyewe akalirudia neno hilo kwa furaha. Nilikuwa nakula wali wangu. Kijana mmoja wa kuendesha foklifti alisema, bila ubaya wowote, "Wafungwe wote." Nilitafuna tu. Sikujua kwamba mmoja wa hao wote alikuwa amenifungia ule wali asubuhi.

Nitasema kweli: jioni ile nilitaka tuiache. Mimi nilikuwa bado na kadi ya kijani ya ukaazi, sijawa raia, na kila bahasha yenye nembo niliiona kama imenifuata mimi. Nikamwambia kura si chakula, wakifuta jina wafute, bora wasituangalie sana.

Mama mkubwa akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia, la kambini, kabla sijazaliwa. Siku moja alifika kwenye mgao wa unga, jina lake halipo kwenye orodha. Hakuna aliyejua kwa nini. Karani akamwambia athibitishe kwamba yeye ni yeye. Majirani walimshauri anyamaze, ale kwa watu, orodha itajirekebisha yenyewe. Akanyamaza. Orodha haikujirekebisha. Miezi mitatu alikula kwa watu, na mama yangu, aliyekuwa msichana tu, aligawana naye hicho hicho.

"Kwa hiyo usiniambie habari ya orodha," alisema. "Leo mimi si raia kwenye kura. Kesho watasema mimi si raia kwenye nini?"

Akachukua tena sombe yake. Jambo lilikuwa limeamuliwa.

Kulikuwa na shida moja. Cheti chake cha uraia hakikuwa ndani ya nyumba. Kilikuwa Houston.

Hili linahitaji maelezo, kwa sababu hata jirani yetu lilimshangaza. Ukoo wetu ulipokimbia Kongo, karatasi zote zilikuwa kwenye sanduku moja la bati, na nyumba ikachomwa. Vyeti vya ubatizo, hati ya shamba, karatasi ya ndoa ya babu na bibi, vyote viliungua kwa saa moja. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa kwetu anayelala nyumba moja na karatasi zake. Vyeti vya mama mkubwa vilikaa kwa mjomba, mdogo wake, Houston. Vya mjomba vilikuwa kwetu Grand Prairie, pembeni mwa Dallas, chini ya godoro lake mama mkubwa. Ukituvamia, utapata vyeti vya watu wasiokuwepo.

"Sasa hiyo ni akili gani?" jirani aliuliza. Alikuwa Mkenya, nesi wa hospitali, mama wa makamo mwenye sauti ya kufika mbali. Alikuwa amekuja kurudisha sufuria, akatukuta na barua mezani. "Na ukishikwa barabarani uulizwe cheti? Utawaambia wangoje u-drive masaa manne?"

"Nyumba yako ikiungua?" mama mkubwa alimuuliza.

"Niko na insurance."

"Na karatasi ya hiyo insurance ikiungua nayo?"

Jirani alicheka, akavuta kiti, akaisoma barua kwa dakika moja, kitu ambacho mimi kilinichukua nusu saa. Akaiweka chini.

"Mimi sijapata hii. Na leseni yangu ni ya zamani kama yako. Na niliapa mwaka mmoja tu kabla yako."

Mpaka wa kaunti unaupasua mji wetu, na mahali petu ulipita katikati ya barabara. Sisi tulikuwa upande huu. Nyumba yake, ambayo ungeweza kuirushia chungwa, ilikuwa kaunti nyingine, na ofisi ya huko ilikuwa imeamua kuikagua orodha kwanza kabla ya kumwandikia mtu.

"Kumbe wewe ni raia zaidi," mama mkubwa alisema.

"Mimi ni raia wa upande ule wa barabara." Akatikisa kichwa. "Kwetu mwaka juzi mahakama ilifuta uchaguzi wote wa rais, siku moja, kwisha. Hawa wanafuta mtu mmoja mmoja. Wako na subira, aki."

Tulimpigia mjomba. Nikaweka simu katikati ya meza, sauti juu.

"Yaya, tulia," mjomba alisema baada ya kusikia yote. "Ninacho hapa. Ninakipiga picha, ninatuma, dakika mbili. Mtoto akiprinti, mnapeleka."

"Usithubutu!"

"Nini?"

"Usikipige picha! Unataka nifungwe? Imeandikwa chini. Ni kosa."

"Nani amekuambia?"

"Mtoto alinisomea."

Mtoto ni mimi. Na ni kweli, nilimsomea. Siku ya kiapo, mwaka 2017, ukumbi ukiwa umejaa watu wa kila nchi na bendera ndogondogo, alinipa kile cheti akataka nimsomee kila kilichoandikwa, kuanzia juu. Nikasoma namba, jina, urefu wake, rangi ya macho. Chini kabisa palikuwa na mstari wa herufi ndogo. Nikamwambia: ni kosa mbele ya sheria ya Marekani kunakili, kuchapa au kupiga picha cheti hiki. Mara akakigeuza. Watu walipokuja na simu zao kumpiga picha, alikishika kwa nyuma. Picha ya siku hiyo tunayo: amevaa kitenge cha bluu, ana bendera mkono mmoja, na mkono wa pili ana karatasi nyeupe isiyo na kitu.

Mjomba alibishana kidogo, akashindwa. Kukiweka posta mama mkubwa hakutaka hata kusikia. Mjomba alikuwa na zamu ya usiku hospitali Jumatatu hadi Jumamosi, kwenye chumba cha kufulia mashuka, na Jumapili alikuwa mwimbishaji wa kwaya kanisani. Mama mkubwa alikuwa na leseni, hiyo hiyo iliyoleta balaa, lakini aliitumia kwenda kanisani na dukani tu. Barabara kuu alisema ni ya watu waliochoka kuishi. Mimi nilikuwa sijapata leseni.

"Nita-drive mimi," jirani alisema. "Lakini si Jumamosi hii, niko kazi. Ile ingine."

Tukahesabu. Tungefika Houston zikiwa zimebaki siku sita.

Wiki mbili hizo ziliniwia ndefu. Kila nikirudi kutoka ghalani nilikuta mama mkubwa amekata siku kwenye kalenda ya kanisa kwa mstari mnyoofu, kwa kutumia rula. Watu wawili wa kanisani walimpigia kumshauri aachane na hayo. Aliwasikiliza vizuri, akawaulizia watoto wao, akakata simu.

Jumamosi tuliondoka asubuhi, tukiwa na chai kwenye chupa na chapati za jirani. Kutoka Dallas kwenda Houston barabara ni moja, imenyooka, na jirani aliongea njia nzima. Mama mkubwa alikaa mbele ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Mahali fulani katikati, palipo na misitu ya misonobari, jirani alimuuliza mbona anajisumbua hivi kwa kura moja.

"Kura sijui," mama mkubwa alisema. "Jina ni langu."

Mjomba alikaa ghorofa ya pili, kusini-magharibi mwa mji, kwenye nyumba za kupanga zenye ngazi za chuma. Alitupokea mlangoni. "Yaya! Karibu, yaya!"

Jirani alinisogelea. "Mbona anamwita yaya? Si huyu ni dada yake?"

"Kwetu yaya ni ndugu mkubwa."

"Kwetu yaya ni wa kulea watoto."

"Amenilea pia," mjomba alisema, kwa kuwa alisikia. "Kwa fimbo."

Tulikula kwanza. Kisha mjomba akaenda chumbani, akarudi na furushi la kitenge. Ndani mlikuwa na vibao viwili vya kukatia mboga, vimefungwa kwa kamba, na katikati yake, kikiwa kimenyooka kama siku kilipotoka, kilikuwamo cheti.

Mjomba alituambia kwamba huko Houston hakuna barua zilizotumwa bado. Alisikia redioni kwamba jimbo lilituma orodha, kisha siku chache baadaye jimbo lenyewe likapiga simu kukiri kuwa maelfu ya watu waliwekwa humo kimakosa. "Kwa hiyo wanajua," alisema. "Wanajua na bado barua zinatembea."

Akanisogezea cheti. "Hebu soma ule mstari wako. Nataka kujua ningefungwa miaka mingapi."

Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. Nikasoma mpaka pale nilipoishia mwaka 2017. Na hapo nikaona kwamba sentensi haikuishia hapo. Palikuwa na koma, na baada ya koma maneno matatu.

Nilikumbuka yote papo hapo. Yale maneno nilikuwa nimeyaona siku ya kiapo. Sikuyajua. Kamusi ilikuwa kwenye simu, mfukoni, lakini watu walikuwa wengi pembeni yetu na niliona aibu kuitoa. Nikasema nukta pasipo na nukta.

Sasa nilitoa simu. Nikatafuta neno la kwanza, la pili, la tatu. Yote matatu yalikuwa yakiningoja.

"Mama mkubwa," nilisema, "siku ile nilikusomea nusu."

"Nusu iliyobaki inasemaje?"

"Bila mamlaka ya kisheria. Ni kosa kukinakili bila mamlaka ya kisheria."

Mjomba alipiga meza. "Kwa hiyo mwenye sababu anaruhusiwa! Ningepiga picha ile Jumapili, tungelala!"

"Na off yangu!" jirani alisema. "Off ya kwanza mwezi huu! Wewe mtoto, wewe!"

Walicheka wote wawili, na kicheko chao kilinisaidia kidogo. Mama mkubwa hakucheka. Alikivuta cheti karibu, akautazama ule mstari asioweza kuusoma.

"Hayo mamlaka anayo nani?" aliuliza.

"Wewe mwenyewe, nafikiri," jirani alisema. "Cheti ni chako na unakipeleka serikalini. Si unaiba."

"Na hao wa ofisini?"

"Hao wanadhani wanayo tu."

Mama mkubwa akafunga cheti tena kati ya vibao. "Vizuri. Picha hatutumi. Nitakipeleka mwenyewe. Anayetaka kukinakili atanionyesha mamlaka yake, kama mimi ninavyowaonyesha uraia wangu."

Garini, wakati wa kurudi, nilikaa nyuma na vibao mapajani. Nilikuwa natafuta namna ya kuomba msamaha. Yeye akaanza, bila kugeuka.

"Ukifika mahali usipopajua, usiniambie pameisha. Sema hapa sipajui. Tutakaa hapo hapo wote wawili."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Haya. Nipe chapati."

Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Ofisi ilikuwa na kaunta ndefu, na mbele yetu walikuwa watu kama kumi, wengi wazee, kila mmoja na bahasha kama yetu. Nyuma yetu alisimama mzee wa Kivietnamu aliyevaa suti na tai, utafikiri anakwenda harusini. Mama mkubwa alimwamkia kwa kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa kile kitenge cha bluu cha siku ya kiapo.

Karani alikuwa mama mzungu wa umri wa mama mkubwa, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo. Hakuwa mtu mbaya. Alisema habari za asubuhi, akapokea cheti, akakitazama mbele na nyuma, akasema vizuri sana, kisha akakilaza kaunta, akageuka kuwasha mashine ya fotokopi.

Mama mkubwa aliweka kiganja juu ya cheti, pale pale kilipokuwa bado juu ya kaunta.

"Mwambie asome chini."

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Ghalani nimemaliza siku nzima kwa maneno manne. Lakini kiganja kilikuwa pale, na karani ananitazama, na foleni inatutazama. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu, kwamba mama mkubwa anaomba asome mstari wa chini.

Karani alivaa miwani, akasoma. Akasoma tena. "Miaka yote niliyofanya kazi hapa," alisema, "sijawahi kuona huu mstari."

"Mwulize mamlaka hayo anayo? Nani amempa?"

Nikauliza. Karani akaenda kumwita mkubwa wake, bwana mrefu mwenye shati la mikono mifupi na tai. Alisikiliza, akatabasamu vile watu wanavyotabasamu wakiwa na kazi nyingi.

"Mwambie mama kwamba amri imetoka jimboni. Sisi tunafuata maelekezo tu."

Nikafasiri.

"Mwambie mimi pia nimefuata maelekezo. Wamesema nilete karatasi, nimeleta karatasi. Na yeye alete yake."

Nilifasiri hivyo hivyo, neno kwa neno, kwa sababu sikujua namna ya kulainisha. Yule bwana aliacha kutabasamu.

"Anataka nini hasa?"

Hili mama mkubwa alikuwa ameliandaa tangu Houston. Anataka waandike kwenye karatasi ya ofisi kwamba wamekiona cheti halisi. Kwamba wametoa kopi moja kwa kazi ya kiserikali. Nani ameitoa. Kwamba jina lake linabaki kwenye daftari. Na saini, na kashe. Kashe ndivyo watu wa kwetu tunavyouita muhuri.

Yule bwana alisema hawana fomu ya namna hiyo. Lakini karani alikuwa ameshavuta karatasi yenye nembo na ameshaanza kuandika, kwa mkono, kwa mwandiko mkubwa wa mviringo. Alipomaliza, yule bwana aliinama akamnong'oneza kitu sikioni. Karani akaingiza neno moja katikati, akatusukumia.

"Soma," mama mkubwa alisema. "Mpaka mwisho."

Nilisoma kwa sauti, nikifasiri kwa Kiswahili, nikishika kila neno kwa kidole. Hakuna aliyenung'unika, au kama yupo sikumsikia. Nikafika kwenye sentensi ya jina kubaki. Hapo katikati, lile neno lililoingizwa, sikulijua.

"Hapa sipajui," nilisema.

"Basi uliza."

Nikamuuliza karani neno lile lina maana gani. Alimtazama mkubwa wake kwanza. Kisha akaeleza: maana yake ni kwa sasa, mpaka jimbo litakapoamua vingine.

"Ni neno la kawaida tu," yule bwana alisema.

Nikafasiri yote, pamoja na hilo la kawaida tu. Mama mkubwa aliinua kiganja kutoka kwenye cheti, akaweka kidole chini ya mstari wenye jina lake, ambao aliujua kwa umbo.

"Mwambie cheti changu hakina neno hilo."

Nilimwambia. Nililisema kwa sauti kuliko nilivyokusudia, na Kiingereza changu kilitoka chote bila kukwama. Yule bwana alitazama saa yake, akatazama foleni, akamwambia karani, "Sawa." Karani akalikata lile neno kwa mstari mmoja, akatia herufi za mwanzo za jina lake pembeni, akasaini, akapiga muhuri. Ndipo mama mkubwa akamwachia cheti, akamsindikiza kwa macho mpaka kwenye mashine na kurudi.

Tulipokuwa tunageuka, mzee wa Kivietnamu alisogea kaunta, akaweka bahasha yake, akaonyesha karatasi iliyokuwa mkononi mwetu. "Na mimi," alisema. "Ile ile."

Karani akavuta karatasi nyingine.

Ile orodha ya jimbo haikufika mbali. Mashirika na wapiga kura waliipeleka mahakamani, na hakimu akasimamisha ufutaji wa majina. Mwezi wa nne jimbo likakubali kuacha mpango wote. Sisi tuliletewa barua ya pili, ya kuambiwa tuipuuze ya kwanza. Niliisoma Jumapili, baada ya kula, nikatafuta humo neno la kuomba radhi, nikalikosa. Nikamwambia mama mkubwa kwamba halimo. Akasema hakulitegemea. Wapo watu wengi, najua, ambao hawakuwa na mjomba wala jirani wala siku ya ruhusa, na barua yao ilibaki juu ya friji.

Mwezi wa tano palikuwa na uchaguzi mdogo wa mji. Si wa rais wala wa gavana. Wa diwani tu, na jambo fulani la mitaro ya mvua. Watu wengi hawakujua upo. Mama mkubwa aliujua tangu mwezi wa tatu. Aliendesha mwenyewe mpaka shule walikopigia kura, taratibu, magari mengine yakitupita.

Mimi sikuwa mpiga kura, nikabaki nje ya mlango wa kioo. Nilimwona akifika mezani, akatoa leseni. Kijana aliyekaa pale aliipitisha kwenye mashine, akatazama skrini. Akaendelea kuitazama. Mama mkubwa alisimama mikono imeshuka, haombi, haelezi. Kisha kijana akaigeuza ile skrini ndogo imwelekee mama mkubwa, akampa kalamu, naye akaweka saini yake chini ya jina lake.

Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa amekunja uso kwa jua.

"Mbona umechelewa? Wagombea si wawili tu?"

"Wawili. Nimewafikiria wote wawili."

"Umempa nani?"

Alifungua mlango wa gari, akaketi, akarekebisha kioo.

"Hilo hata serikali haina ruhusa ya kuniuliza," alisema. "Funga mkanda."